Tanzania Ina Sheria ya Tumbaku, Tena Ilitangulia ya Kenya

Semina nyingine, mtu mwingine kasimama na kusema yale yale: "Kenya wana sheria ya sigara, Tanzania hakuna, ndiyo maana Watanzania wanavuta ovyo." Nafanya kazi ya udhibiti wa tumbaku pande zote mbili za mpaka, na kauli hii imenichosha.

Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2003. Kenya ikatunga yake 2007. Hilo limekwisha.

Sasa hilo la kuvuta ovyo. Utafiti wa kitaifa wa watu wazima nchini Kenya, 2014, ulikuta asilimia 11.6 wanatumia tumbaku. Wa Tanzania, 2018, asilimia 8.7. Hapo hurukia wajuaji wa upande wa pili: "Basi sheria kali haina kazi!" Taratibu jamani. Miaka haifanani, na kutumia tumbaku si kuvuta peke yake. Wavutaji wa Kenya walikuwa asilimia 7.8, wengine wote wananusa ugoro au wanatafuna. Kwa wanawake wa Kenya ndiyo usiseme: wanaovuta ni asilimia 0.8, lakini wanaotumia tumbaku isiyo na moshi ni 3.8. Bibi mwenye kikopo cha ugoro kwenye pindo la kanga hana habari na bango la "Usivute hapa", na mimba ya binti yake anayenusa naye haimo kwenye mjadala wetu wa sigara.

Ninachokubali ni kwamba Kenya imekwenda mbali zaidi kwenye pakiti. Tanzania sheria ilidai onyo la maneno. Kenya kanuni za 2014 zilileta picha. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Ushindi mkubwa, nami niliufurahia sana.

Lakini nenda kioski. Pakiti imefunguliwa, iko ndani ya wavu karibu na biskuti. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi. Kijana anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anawasha hapo hapo. Picha ya mapafu yaliyooza haioni, imebaki kwa muuzaji. Sheria ya Kenya inakataza kuuza pungufu ya sigara kumi, na kifungu hicho ndicho kinachovunjwa mchana kweupe.

Vitabuni sheria hukazwa, wavutaji wakapungua. Mimi nikizitazama nchi hizi mbili nasita. Nahisi mfuko mtupu na macho ya majirani vimewazuia wanawake wengi wasivute kuliko kifungu chochote, na mishahara ikipanda mijini, kinga hiyo haitadumu.

Kwa hiyo wakaguzi, pande zote mbili, msiishie kusoma maandishi ya pakiti. Angalieni kama imefunguliwa, na muulize bei ya moja.