Kuzama ziwani na sukari ya damu: maswali na majibu

Maswali haya yanamhusu mtu wa Goma au Bukavu asiye na ugonjwa wa sukari, anayezama, yaani anayepiga mbizi, katika Ziwa Kivu akiwa na chupa ya hewa mgongoni.

Je, sukari ya mtu mwenye afya hushuka anapozama?

Huweza kushuka kidogo, lakini kwa kawaida haitoki katika kiwango chake, ambacho kwa mtu aliyeamka bila kula ni miligramu 70 hadi 100 katika desilita moja ya damu. Anapopiga miguu majini, misuli ya mapaja huchota sukari kutoka damuni. Hapo kongosho hupunguza insulini na kuongeza glukagoni, homoni inayopandisha sukari, nalo ini hufungua akiba yake na kurudisha kilichochukuliwa. Kwa anayezama mara ya kwanza, hofu humwaga adrenalini, na sukari inaweza hata kupanda kwa muda. Kwa hiyo watu wawili waliozama pamoja wanaweza kupata vipimo tofauti bila yeyote kati yao kuwa mgonjwa.

Je, kina kirefu huishusha zaidi?

Uzito wa maji, ambao huongeza takriban atmosfia moja (kipimo cha mgandamizo) kila mita kumi, hauigusi sukari kwa kiasi cha kumtia mtu hofu. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo lazima uhesabiwe katika kupanga muda wa kukaa chini na kupanda, lakini hilo ni kwa sababu ya naitrojeni, gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini mtu akiwa chini, wala si kwa sababu ya sukari.

Mbona basi mtu hutoka akiwa hoi?

Mara nyingi ni baridi. Maji ya juu ya ziwa yana nyuzi 24 hivi, nayo yanaonekana ya uvuguvugu, ila maji hunyang'anya mwili joto haraka kuliko hewa, na kutetemeka huunguza sukari na mafuta. Tena, maji yanapoubana mwili, damu ya miguuni husogea kifuani, figo hutoa mkojo mwingi, na mtu hupungukiwa na maji bila kujua. Kwa maoni yangu, anayetoka ziwani anahitaji nguo kavu na maji ya kunywa kabla ya soda.

Ni nani aangalie zaidi?

Aliyelala na njaa, hasa baada ya kunywa kasiksi. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Akiba ikiisha, hata mwenye afya anaweza kushuka chini ya 70. Huyo asizame siku hiyo. Mwingine ale bugali na maharagi saa mbili au tatu kabla.

Dalili zitajulikanaje chini ya maji?

Kwa shida: jasho halionekani, kutetemeka hufanana na baridi, na kuchanganyikiwa hufanana na ulevi wa naitrojeni unaowapata wengi kwenye mita 30 hivi. Usitafute sababu ukiwa chini. Mpe mwenzako ishara, mpande pamoja polepole, kisha ule kitu chenye sukari.

Kipimo kifanywe vipi ufukoni?

Nawa na ukaushe kidole kabisa, kwa kuwa tone la maji huizimua damu na kupunguza namba, na utomvu wa embe huipandisha. Anayetumia insulini asiyafuate majibu haya. Amwone daktari kabla ya kufikiria kuzama.