Kupika ugali hakuondoi sumukuvu
Wengi tumelelewa tukiamini kuwa mahindi yenye ukungu yakisagwa na ugali ukaiva vizuri, moto humaliza sumu. Sivyo. Moto huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu imekwisha kuitoa, yaani sumukuvu, hubaki: maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali aflatoksini, sumukuvu ya kwenye mahindi, huhitaji zaidi ya 200 ili ivunjike kabisa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi ya aina hiyo. Kiasi kidogo cha kila siku nacho hudhoofisha kinga: seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu hulegea, na seli T, aina nyingine ya seli nyeupe za kinga, hupungua nguvu. Gambia, watoto wenye aflatoksini mwilini walikutwa na kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) pungufu kwenye mate. Kausha mahindi mapema, juu ya turubai. Punje zenye ukungu usiwape hata kuku.