Kabla ya kununua kifaa cha kusomea vitabu, ulizia duka lake

Wasomaji wa Malindi wanaotujia kwa ushauri huanza na bei ya kifaa. Sisi tunawarudisha kwenye duka la mtandaoni la vitabu lililo nyuma yake, kwa sababu huko ndiko pesa inakoendelea kwenda. Kindle ya kwanza, kifaa cha kampuni ya Amazon, ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399. Kufikia 2012, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alikuwa akisema wazi kwamba kampuni huuza kifaa bila faida; faida huja mtu anapoendelea kununua vitabu. Ndiyo maana zipo Kindle za bei ya chini zaidi, zenye matangazo kwenye skrini wakati hausomi.

Vitabu vingi vya duka la Amazon vina kufuli ya kidijitali iliyofungwa kwenye akaunti yako. Ukihamia Kobo, kifaa cha kampuni nyingine, havifunguki. Tangu Februari 26, 2025, hata njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ukakihamisha kwa waya imeondolewa. Ulicholipia ni ruhusa ya kusoma tu. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, wateja walirudishiwa pesa, lakini vitabu vyenyewe vikaacha kufunguka.

Kobo nayo ina duka na kufuli zake, ila faili ya EPUB (muundo wa kawaida wa vitabu vya kidijitali) isiyo na kufuli unaiingiza kwa waya na inafunguka papo hapo. Kwenye Kindle, EPUB iliyopitishwa kwa waya haionekani. Igeuze kwanza iwe AZW3, muundo ambao Kindle inausoma, kwa programu ya bure ya Calibre, au itume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye kifaa. Wengi hukwama hapa: ukituma kwa baruapepe, anwani unayotumia lazima iwe imeidhinishwa kwanza kwenye akaunti, na kifaa kiwe kwenye Wi-Fi. Hotspot ya simu inatosha.

Ukiuziwa cha mkono wa pili, labda na mgeni anayerudi kwao, usitoe pesa kabla muuzaji hajafuta usajili wake mbele yako, kwenye mipangilio ya akaunti. Kisha sajili akaunti yako hapohapo. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa kinaweza kukataa usajili, na hapo hakuna fundi wa mjini atakayekusaidia, kwani kizuizi kiko kwa kampuni. Bei ikiwa nzuri mno na muuzaji ana haraka, kiache.