Tumbo linasumbua, vipimo havioni kitu

Nimepima choo mara kadhaa hapa Moshi: hakuna amiba wala minyoo. Tumbo bado linanyonga na kujaa gesi. Leo naharisha, kesho sipati choo. Naumwa nini?

Huenda ni IBS, yaani utumbo nyeti. Utumbo hauna kidonda, ila neva zake huhisi hata gesi ya kawaida kama maumivu, na misuli yake hujikaza ovyo. Madaktari huufikiria ugonjwa huu maumivu yakija walau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yakiendana na mabadiliko ya choo, na tatizo likiwa limeanza miezi 6 nyuma au zaidi. Wengine huupata baada ya kuharisha vibaya: vijidudu vimekwisha, utumbo haujatulia. Kumeza tena dawa za amiba bila kipimo hakutausaidia.

Niache ndizi na maharage?

Kumkataza Mchagga kiburu, yaani ndizi na maharage, ni kutafuta ugomvi, na wala si lazima. Maharage, vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano na maziwa vina sukari ambazo wengine hawazimeng'enyi vizuri, zikachachuka utumboni. Kwenye mtori, shuku kitunguu na maziwa kabla ya ndizi mbichi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa mengine, kisha ule kiasi. Acha chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 3, ukirudishe, uone. Ukiacha vyote kwa pamoja hutajua mkosaji, na utakonda bure. Mbege nayo, pombe ya ndizi na ulezi, huharisha wengi.

Dawa je?

Hutegemea dalili: isapgula (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi) na maji mengi kwa choo kigumu, loperamidi kwa kuharisha, na za kulegeza misuli kwa mnyongo. Daktari akikuandikia amitriptilini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo, usidhani amekuona kichaa. Hutuliza neva za utumbo. Mawazo na kukosa usingizi huamsha maumivu, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli.

Lini nisisubiri?

Ukiona damu au choo cheusi, ukikonda bila sababu, ukiwa na homa au upungufu wa damu, ukiamshwa usiku na kuharisha, dalili zikianza baada ya miaka 50, au kama kuna saratani ya utumbo kwenye ukoo. Hapo huenda ni kifua kikuu cha tumbo au saratani. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya hospitali ya Mawenzi au KCMC.