Faharasa ya utafutaji ni nini, na kwa nini hugoma

Chukua kitabu kinene cha historia, fungua kurasa za mwisho. Utakuta maneno yamepangwa kwa alfabeti, na kila neno lina namba za kurasa linamopatikana. Hiyo ni faharasa. Programu ya tovuti yenye kisanduku cha kutafutia nayo huwa nayo: mtu akiandika neno, seva haisomi upya makala zote, inatazama faharasa iliyokwisha kuandaliwa. Seva nyingi hutumia Lucene, programu ya kuunda na kutafuta faharasa iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, au Solr na Elasticsearch, ambazo zimejengwa juu yake.

Kabla hujagusa chochote, shika hili: kwa kawaida faharasa ni nakala tu. Makala zenyewe zimo kwenye kanzidata, yaani hifadhi kuu ya data ya tovuti. Utafutaji ukifa, maandishi ya watu bado yapo, na hakuna sababu ya kukimbilia amri za kufuta. Hakikisha tu kwamba aliyeijenga programu hakuifanya faharasa kuwa ghala pekee.

Kisha soma kumbukumbu za seva (log, mahali inapoandika matukio na makosa yake) na uangalie diski. Kwa mipangilio yake ya kawaida, Elasticsearch huzuia kuandika diski ikijaa hadi asilimia 95. Utafutaji unaendelea, ila makala za leo hazionekani, na watu wanadhani hazikuchapishwa. Tangu toleo la 7.4 kizuizi hicho hujiondoa chenyewe nafasi ikipatikana. Kwa matoleo ya nyuma lazima ukiondoe kwa mkono.

Kosa linalosumbua zaidi ni la kufuli. Lucene huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, yaani programu moja inayoandika kwenye faharasa, na hulinda zamu hiyo kwa faili liitwalo write.lock. Ujumbe ukisema kufuli halikupatikana, wengi hulifuta faili hilo mara moja. Tafadhali usifanye hivyo. Kwa kawaida kufuli halisi linashikwa na mfumo wa uendeshaji, nao huliachia programu inapokufa, hata kama faili limebaki. Kwa hiyo ujumbe huo mara nyingi una maana kwamba kuna programu nyingine hai inayoandika: pengine ile ya zamani haikuzimika vizuri, au kazi ya usiku bado inaendelea. Itafute, uizime kwa utaratibu. Ukifuta faili, unaweza kuwaingiza waandishi wawili kwenye daftari moja, na hapo faharasa itaharibika kweli. Angalia pia mmiliki wa mafaili: aliyejenga faharasa upya kwa akaunti ya root (ya msimamizi mkuu wa seva) huacha mafaili ambayo programu yenyewe haiwezi kuyaandika.

Faharasa ikiwa imeharibika, Lucene ina chombo cha kuikagua, CheckIndex. Kinaweza pia kuondoa sehemu mbovu, lakini huziondoa pamoja na makala zote zilizoorodheshwa humo. Mimi ningejenga faharasa mpya kutoka kwenye kanzidata, kando ya ile ya zamani, kisha nihamishie utafutaji huko ikikamilika.

Na kwetu tunaoandika Kiswahili kuna lalamiko linalofanana na hitilafu ingawa siyo. Msomaji anatafuta "kitabu", makala yenye "vitabu" haiji. Faharasa ni nzima. Haikufundishwa ngeli tu. Hapo kinachohitajika ni kanuni za kuunganisha umoja na wingi, kisha makala zote ziorodheshwe upya.