Dawa ya kikohozi kwa mtoto: yanayoaminika na ukweli wake

"Imeandikwa na daktari, haiwezi kudhuru." Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Daktari huandika dawa kwa mtoto mmoja, mwenye uzito fulani na ugonjwa fulani, kwa siku fulani. Chupa iliyobaki tangu kaka yake alipougua haimfai mdogo, hata kama kikohozi kinasikika vilevile.

Mfano mzuri ni kodeini, dawa ya kutuliza kikohozi na maumivu. Mwilini, ini huigeuza kuwa mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza upumuaji. Wapo watoto ambao ini lao hufanya kazi hiyo haraka kupita kiasi kwa sababu ya maumbile ya kurithi, na dozi ya kawaida inaweza kuwapunguzia pumzi hadi kufa. Huwezi kumtambua mtoto wa aina hiyo kwa kumtazama. Ndiyo maana mwaka 2015 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walizuia kodeini ya kikohozi kwa walio chini ya miaka 12, na mwaka 2018 Marekani ikaamua kwamba dawa za kikohozi zenye kodeini au haidrokodoni (dawa ya jamii hiyohiyo) ni za watu wazima tu. Ukiandikiwa dawa ya mtoto, uliza bila aibu: ina nini ndani? Mfamasia atakujibu.

"Kijiko ni kijiko." Hapana. Kwenye maelezo ya dawa, kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani ni 15. Ukikosea hapo umempa mara tatu ya dozi. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Omba sirinji ya kunyweshea dawa, isiyo na sindano. Vuta dawa, toa mapovu, kisha ishike wima usawa wa macho na usome mstari. Nukta nayo isikupite: 0.5 si 5. Mtoto akae wima, ncha ielekee ndani ya shavu, siyo kooni, na usukume kidogo kidogo ukimpa nafasi ya kumeza.

"Ukisahau dozi, mpe mbili." Usifanye hivyo. Na akitapika, usirudie kabla ya kuuliza.

"Dawa mbili huponya haraka." Dawa ya mafua na ya kikohozi huweza kuwa na kiambato kilekile kwa majina tofauti, hasa zile za kusinzisha. Soma vibandiko vyote viwili. Promethazini, kwa mfano, dawa ya mzio inayosinzisha, haipewi mtoto chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua.

"Kikohozi lazima kizimwe." Kukohoa husafisha njia ya hewa, na kikohozi cha mafua kinaweza kudumu wiki mbili au tatu. Antibiotiki haziui virusi. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja, asali kidogo kabla ya kulala hutuliza. Chini ya mwaka ni mwiko, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Mtoto akipumua kwa shida au mbavu zikibonyea ndani, mpeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo, akiisha kunywa dawa, ukiona haamki vizuri, anapumua polepole au midomo inageuka buluu, usingoje dozi iishe mwilini. Nenda na chupa yenyewe, ili wajue alikunywa nini na kiasi gani.