Dhana potofu kuhusu shule za Winooski na wastani wa Vermont

Kila mara jimbo la Vermont, Marekani, linapotoa matokeo ya mitihani, simu yangu haitulii. Mzazi ameona kwamba wilaya ya shule ya Winooski iko chini ya wastani wa jimbo, na tayari anatafuta nyumba kwenye miji ya karibu, Essex au South Burlington, kwa kodi itakayommaliza. Kazi yangu ni kuwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili waelewane na shule, na sentensi moja nimeisikia mno: "Walimu wa hapa hawafundishi." Naijibu hapa kwa urefu, maana inawahamisha watu bila sababu.

Dhana: Wilaya iliyo chini ya wastani wa jimbo inafundisha vibaya

Winooski ni mji wa watu kama 8,000 waliobanana kwenye maili mraba moja na nusu, jirani na Burlington. Shule zake zote, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, ziko kwenye kiwanja kimoja, na wanafunzi ni kama 800. Takriban theluthi yao bado wanajifunza Kiingereza: watoto wa Kongo, Wasomali, wasemaji wa Kinepali waliotoka Bhutan, na wengine. Kwingineko Vermont, watoto walio wengi sana wamezaliwa ndani ya Kiingereza.

Sasa tupige hesabu kwa namba za mfano tu. Tuseme katika kila watoto 100 wa jimbo, 95 wanakijua Kiingereza na 5 wanajifunza. Wanaokijua wanafaulu asilimia 50, wanaojifunza asilimia 10. Wastani wa jimbo unakuwa 48. Kwenye wilaya yetu ya mfano, 65 wanakijua na 35 wanajifunza. Wanaokijua wanafaulu asilimia 54, wanaojifunza asilimia 14. Wilaya imelishinda jimbo kwa makundi yote mawili, lakini wastani wake ni 40. Rudia hesabu hiyo kwa kalamu yako kabla hujafunga mizigo.

Wastani unakueleza kwanza ni nani wanaokaa darasani. Mtihani wa jimbo unafanywa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania, hadi umri wa miaka 13, akatua Vermont mwezi wa Agosti, anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma katika mwaka wake wa kwanza, kwa sababu sheria ya taifa ya 2015 inaruhusu hivyo. Hesabu hasamehewi, na maswali ya hesabu yamejaa maneno. Anajua kugawanya sehemu, ila hajaelewa anaulizwa nini. Alama yake inaweza kuingia kwenye asilimia, kisha mtu anaisoma na kusema mwalimu ni mvivu. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Jambo jingine ambalo karibu hakuna mzazi anayeambiwa: kundi la "wanaojifunza Kiingereza" haliwezi kuonekana zuri kamwe, hata shule ifanye kazi usiku na mchana. Mtoto akishakimudu Kiingereza, anatolewa kwenye kundi, na anayeingia ni mgeni wa jana. Kwa hiyo usiangalie kundi hilo peke yake. Uliza pia wale waliokwisha kutoka wanafanyaje. Sheria inaruhusu kuwahesabu hadi miaka minne baada ya kutoka.

Kinachopima ufundishaji vizuri zaidi ni maendeleo: mtoto yuleyule alikuwa wapi mwaka jana, na yuko wapi leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Sean Reardon, walilinganisha wilaya za Marekani nzima kwa njia hiyo. Wakakuta alama za wastani zinafuata sana kipato cha familia, lakini maendeleo ya watoto hayakifuati hivyo. Chicago, ambayo watu waliizoea kwa sifa mbaya, watoto kati ya darasa la tatu na la nane walipata masomo ya miaka sita ndani ya miaka mitano.

Kwa hiyo, mama, baba, ukienda kikaoni usiulize "shule ni ya ngapi?" Omba matokeo ya mtoto wako ya miaka miwili au mitatu, yawekwe pamoja. Na omba mkalimani. Wilaya inawajibika kukuletea kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Tafadhali, usimtume mtoto akutafsirie alama zake mwenyewe.

Dhana: Asilimia imeshuka mwaka huu, shule inaporomoka

Darasa likiwa na watahiniwa 20, mtoto mmoja ni pointi tano. Wawili wakiugua au familia moja ikihama, grafu inaanguka. Wastani wa jimbo una maelfu ya watoto, hautikisiki hivyo. Angalia miaka mitatu mfululizo au usiangalie kabisa.

Dhana: Wengi hawamalizi sekondari

Kiwango kinachotangazwa ni cha waliomaliza ndani ya miaka minne. Kijana aliyefika na miaka 17 bila krediti (hesabu ya masomo yanayotakiwa ili kuhitimu), akahitimu mwaka wa tano, ana diploma kamili mkononi, na bado kwenye kiwango hicho anahesabiwa kuwa hakumaliza. Tafuta kiwango cha miaka mitano na sita.

Dhana: Mji maskini, shule maskini

Kwa majimbo mengi hofu hiyo ina msingi. Vermont ilibadilisha mambo mwaka 1997, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kesi ya Brigham, iliyohusu usawa wa fedha za shule, na bunge likapitisha sheria ya Act 60, ili elimu ya mtoto isitegemee utajiri wa mji wake. Mwaka 2022 ikaja Act 127, iliyopandisha uzito wa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza katika hesabu ya fedha, yaani nyongeza anayohesabiwa juu ya mwanafunzi mmoja wa kawaida, kutoka 0.20 hadi 2.49. Ukisikia kwamba watoto wetu ni mzigo kwa wilaya, mtajie namba hizo.

Dhana: Sisi si raia, bajeti haituhusu

Hapa Winooski bajeti inawahusu hasa. Tangu 2022, wakazi wasio raia wanaoishi nchini kihalali wanaweza kupiga kura ya mambo ya mji na ya shule, bajeti ikiwemo. Kura hiyo hupigwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Angalizo moja kubwa: kura hii haihusiani na ya jimbo wala ya rais. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa taifa anatenda kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Nenda ofisi ya karani wa mji, sema wazi kwamba si raia, na uombe uandikishwe kwa kura ya mji na shule peke yake.